Miaka Hamsini na Mbili kwenye Shavu la Mguu

Jumatatu, tarehe 4

Nimetia saini. Binti yangu amekuja asubuhi na karatasi aliyoiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kiuuguzi, yaani hausomeki lakini unauma. Nikimaliza mbio za Jumamosi kabla geti halijafungwa, atanyamaza mwaka mzima. Nisipomaliza, nafunga karakana yangu ya makochi, nafunga nyumba, nahamia kwake. Chumba cha nyuma. Kile chenye meza ya kupigia pasi. Na baiskeli apewe mtu mwingine.

Nikamwambia sijafika umri wa kuchungwa. Akasema, Baba, una miaka sitini na saba, na mwezi wa pili ulianguka bafuni ukadai unafanya mazoezi. Si uongo! Nilikuwa nafanya mazoezi ya kuinuka.

Mbio zenyewe: kuogelea ziwani karibu kilomita mbili, baiskeli tisini, kukimbia ishirini na moja. Mfululizo. Hakuna kukaa. Geti linafungwa saa kumi kamili alasiri, uwe kijana uwe mzee. Mwaka jana nilifika saa kumi na dakika ishirini na mbili. Nikamkuta mwenye filimbi anakunja meza. Nikapita chini ya utepe nikiwa nimenyoosha mikono juu kama bingwa. Hawakuhesabu.

Dakika ishirini na mbili. Nizitoe wapi?

Jumanne, tarehe 5

Nimezipata!

Shemeji ndiye aliyeniletea, bila kujua. Ni kaka wa marehemu mke wangu, mpima ardhi mstaafu, miaka sitini na minane, naye anashiriki. Amekuja na ratiba ili nijue kwamba yeye ameisoma. Vijana wanaingia majini saa moja asubuhi. Wa hamsini hadi hamsini na nne, saa moja na dakika kumi. Wa sitini kwenda juu, saa moja na dakika arobaini. Na geti ni lile lile! Yaani sisi wazee tunaibiwa nusu saa kabla hatujalowa hata vidole.

Nikapiga kelele kuwa ni dhuluma. Shemeji akasema ni utaratibu. Huyu amepima viwanja vya watu miaka thelathini na tano, mpaka leo hawezi kuvuka mstari hata wa chaki. Nikanyamaza, nikammiminia chai. Marehemu dada yake, akiniona nimenyamaza hivyo, alikuwa anaficha mkasi.

Nusu saa, toa ishirini na mbili. Zinabaki nane, za kuvulia viatu! Niliacha shule darasa la sita, ila hesabu ya kunifaa mwenyewe haijawahi kunishinda.

Jioni nimemalizia kiti cha baiskeli. Sponji ya kochi, ile nzito, inchi tatu, juu ngozi bandia, na vifungo vinne. Unakaa kama bwana harusi. Shemeji aliuliza ikinyesha itakuwaje. Nikamjibu kochi halinyeshewi.

Alhamisi, tarehe 7

Nimekwenda kuchukua namba. Nikamweleza karani wa usajili kuwa kwenye fomu yangu kuna kosa dogo la mwaka wa kuzaliwa. Akauliza dogo kiasi gani. Nikasema miaka kumi na mitano. Akabadilisha bila kuinua kichwa. Kisha akainua. Akanitazama mvi, akatazama fomu, akanitazama shingo. Akasema, pole baba, maisha yamekufanyia kazi kweli. Nikamwambia nilianza kuhangaika mapema.

Umri rasmi: hamsini na miwili. Nimeshuka ngazi za ofisi kwa kuruka mbili mbili. Goti limelia. Nimelipuuza, ni la mtu mwingine, mzee fulani.

Ijumaa, tarehe 8

Upepo tangu alfajiri. Mchana mvua. Mabati ya karakana yanapiga kelele hadi nimeshindwa kusikia redio, na redio yenyewe inasema kesho itazidi.

Binti amepiga simu. Amesema naweza kujitoa, hakuna atakayenicheka. Nikauliza kujitoa kunahesabiwa vipi kwenye karatasi yetu. Akasema kunahesabiwa kama kutomaliza. Nikamwambia basi tuonane kesho.

Nimekaa kwenye karakana nikiangalia kochi la mteja lililofunguliwa tumbo, misumari yangu kwenye kopo, uzi wangu kwenye misumari ya ukutani. Kwake nitashona nini? Foronya?

Naogopa. Naandika hapa tu. Mtu asisome.

Jumapili, tarehe 10

Naandika ya jana leo, maana jana mkono haukushika hata kijiko.

Kwanza, mguu. Katika mbio hizi kila mtu huandikwa umri wake kwenye shavu la mguu, kwa kalamu ya wino mzito usiofutika, ili anayekupita au unayempita ajue ni wa rika gani. Dada mmoja akainama na kalamu, akauliza. Nikasema hamsini na miwili. Akaandika 52 kubwa, akapiga mstari chini yake kama mwalimu mwenye mashaka. Haraka nikavaa suti ya mpira ya kuogelea juu yake. Binti yangu alikuwa kwenye hema la huduma ya kwanza na mkoba wangu wenye vitu vyangu vyote. Hakuona.

Ziwa lilikuwa limechafuka. Mawimbi yanapanda gati. Maboya yanaonekana, yanapotea. Saa moja kasoro robo, msimamizi mkuu, huyu tunayemwita Bwana Kipaza kwa kuwa hakiachii kipaza sauti hata akinywa maji, akatangaza. Kwa ajili ya usalama, wote wa miaka sitini kwenda juu wataogelea nusu tu. Mpaka boya la kwanza na kurudi. Wengine wote, njia nzima.

Nikapapasa ile 52 juu ya suti ya mpira.

Nikamfuata Bwana Kipaza, nikamnong'oneza kwamba huenda karani alikosea umri wangu. Akasema, kwenye kipaza, kwamba atakayebadilisha kundi siku ya mbio atolewe hapo hapo. Nikasema nilikuwa nauliza kwa niaba ya rafiki. Shemeji akanitazama nikijipanga na kundi la hamsini. Hakuhitaji kupimiwa. Alicheka mpaka kofia yake ya kuogelea ikafyatuka. Akasema, haya, kijana, nenda na wenzako, usichelewe shule!

Nikaingia.

Sitaki kuandika sana kuhusu maji. Yalikuwa baridi ya kung'ata meno. Kila nikifungua mdomo kuvuta hewa, wimbi linaingia kwanza. Baada ya boya la pili sikuona mtu mbele wala nyuma, mvua tu inapiga maji kama misumari inayomwagika. Mikono ikawa si yangu. Nikamfikiria mke wangu, na wazo la kwanza lililonijia ni kwamba atanigombeza.

Boti ya uokoaji ikaja ubavuni. Sheria: ukishika boti kupumzika, sawa. Ukiinua mkono, umeisha. Nikashika. Mtu wa boti akaniambia, mzee, inua mkono tu, tukutoe. Nikamwambia mimi si mzee, nina hamsini na miwili. Akasema, hata mimi nina hamsini na miwili. Tukatazamana. Akasema, basi mwenzangu, mmoja wetu kadanganywa na mama yake.

Nikacheka, nikanywa ziwa. Mkono wa kulia ulikuwa unapanda wenyewe, naapa, umeshafika begani. Nikaona chumba cha nyuma. Nikaona meza ya pasi. Nikaurudisha chini, nikaachia boti.

Nilitoka majini kwa magoti. Kuogelea nako kuna kikomo chake, ukikipita unatolewa. Zilikuwa zimebaki dakika tatu.

Baiskeli. Nikakaa kwenye kiti changu cha sponji na maji yakatoka pande zote, yakashuka miguuni, yakajaa viatu. Sponji nzito ikilowa haisahau! Kilomita tisini kila shimo la barabara linanikamua, kila mvua inanijaza upya. Mwanamke mmoja wa miaka thelathini na minne, nilisoma mguuni, akanipita akauliza kwa adabu kama nimebeba mtungi. Upepo wa pembeni ukanipeleka mtaroni mara mbili. Mara ya pili nilikaa humo nikahesabu muda uliobaki. Nikatoka.

Kukimbia. Zikibaki kilomita tano, paja la kushoto likakaza kama turubali. Nikasimama. Dakika arobaini na moja zimebaki. Nikasikia nyayo, Shemeji huyo. Alianza nusu saa nyuma yangu! Angepita tu. Badala yake akasimama, akatazama saa, akasema hataki kwenda kwenye kaburi la dada yake kueleza kwamba aliniacha barabarani. Akanishika mkono. Tukaenda. Njia nzima ananitukana. Mwongo wa kuzaliwa. Mzee wa sponji. Inua mguu, kijana! Nilimtukana na mimi kila nilipopata pumzi. Sikupata nyingi.

Geti. Saa tisa na dakika hamsini na sita.

Nimemaliza! Nilimaliza! Binti yangu akanikumbatia na blanketi, analia, mimi natetemeka. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaanza kuichana mbele yangu. Akafika nusu.

Hapo Bwana Kipaza akaita. Kundi la hamsini hadi hamsini na nne: walioanza kumi na mmoja, boti na baridi vimewatoa wanane. Nafasi ya tatu ni... akanisoma mimi.

Shemeji akanishika blanketi. Akaninong'oneza, kaa chini, kaa chini wewe, umeshapata ulichotaka. Nilimsikia vizuri kabisa.

Lakini jukwaa! Mimi sijawahi kupanda jukwaa tangu nizaliwe, labda la kurekebisha dari. Miguu ilikwenda yenyewe, na paja likapona.

Bwana Kipaza akaomba kitambulisho, kawaida tu kwa washindi. Nikasema nimekiacha nyumbani. Na mwanangu mwenye moyo safi, akitaka baba yake asikose medali, akapaza sauti kutoka kwenye hema: Baba, kipo! Ninacho mimi!

Akakileta mbio. Bwana Kipaza akakisoma. Akatazama mguu wangu. Akakisoma tena, safari hii kwenye kipaza.

Wamenifuta. Si nafasi ya tatu tu, mbio nzima. Kwenye orodha sipo. Shemeji, wa kwanza kwa miaka sitini kwenda juu, amenipigia hesabu bila kuombwa: ningebaki na miaka yangu, kwa njia fupi, ningefika saa kumi kasoro dakika kumi na nne.

Binti alipofika nyumbani kwake aliiunganisha karatasi kwa plasta ya vidonda.

Jumatano, tarehe 13

Chumba cha nyuma. Meza ya pasi ipo, naianikia taulo. Chakula saa moja kamili, dawa ya kikohozi saa mbili. Baiskeli imeenda kwa Shemeji, ameipima kwanza kabla ya kuipokea. Wino wa mguuni haujatoka, na nimesugua kwa jiwe.

Siku tatu nimekaa nikitafakari kwa unyenyekevu. Nimeliona kosa langu, nakiri. Kosa langu lilikuwa kuingia kundi la watu kumi na mmoja. Ni wachache mno! Upepo ukivuma kidogo, mtu anajikuta mshindi.

Leo asubuhi, binti akiwa zamu hospitalini, nimejaza fomu ya mbio za mwezi wa kumi na moja. Umri: thelathini na tisa. Wako themanini na watatu kwenye kundi hilo. Humo hakuna hatari ya kuitwa jukwaani.