Nyaya Nne za Gari la Harusi

Kisarawe, Jumatatu, 22 Juni 1953

Nimefungua boneti. Nakiri hapa daftarini tu, maana daftari halinitazami machoni.

Gari ni la baba mdogo Pazi. Umri wa gari umeuzidi wangu. Baba mdogo alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Jumamosi ndilo litakalompeleka dada yangu Siwema kwa mumewe, Kongowe ya Kibaha. Linatembea, ila likipanda kilima linakohoa kama mzee wa tumbaku. Baba mdogo yuko Mlandizi mpaka Ijumaa. Ameniachia neno moja: usiguse.

Sijagusa. Nimesafisha! Nimeng'oa nyaya nne, zile zinazopeleka moto kwenye plagi. Kila waya nimeufunga kikaratasi kwanza: alifu, be, te, the, kuanzia kulia, kama tunavyoandika Kiarabu chuoni kwa maalimu. Mambo kwa utaratibu. Kesho narudishia. Nitasifiwa. Natumai si mbele ya watu.

Jumanne, 23 Juni

Nimerudishia. Leo nimefuata kitabu cha gari, cha Kiingereza. Nusu kimeliwa na mchwa, lakini nusu inamtosha mtu wa darasa la nane. Kinasema silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikaanza kushoto, kama Kiingereza kinavyokwenda. Alifu kwenye ya kwanza, be kwenye ya pili. Safi kabisa.

Nikazungusha hendeli ya kuwashia. Kimya. Nikazungusha tena. BUMU! Moto ukatokea kwenye kabureta. Kuku wote juu ya mwembe. Nyusi yangu moja haipo.

Mama akauliza kutoka jikoni nini kimepasuka. Nikasema nazi. Nazi gani inapasuka vile?

Jumatano, 24 Juni

Kabureta nimeosha. Petroli nimechuja kwa kitambaa. Betri nimeisomea dua. BUMU, BUMU, BUMU.

Akaja binamu yangu Zahoro, utingo wa lori la mkaa. Akalizunguka gari mikono nyuma, akauliza kama siku hizi nafuga mizinga. Akasema tusihofu, Siwema atapanda lori lao, juu ya magunia, na akishafika Kongowe na masizi mpaka kopeni, mumewe atamtambua kwa sauti. Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega.

Jibu nililipata saa mbili baadaye, kisimani, peke yangu. Lilikuwa jibu zuri sana.

Alhamisi, 25 Juni

Balaa. Mtani wetu Mashaka, Mnyamwezi, amesikia kwamba gari la Wazaramo limekufa. Na mtani akisikia msiba, hatulii kwake.

Amekuja na wenzake wanne. Akalifunika boneti kwa kanga ya mama, akajitupa juu yake. "Uwiii, ndugu yangu! Juzi tu tulikuacha unakohoa, unakula petroli vizuri! Nani kakuua?" Wenzake wakaitikia: "Msomi! Kamuua msomi!" Kisha akalala chini mbele ya magurudumu, akatangaza kwamba maiti haitoki mpaka wafiwa watoe jogoo.

Mtani hakataliwi. Mama akatoa jogoo mwekundu, yule wa karamu ya harusi.

Nilikuwa nimejificha chooni. Mashaka, jogoo kwapani, alikuja kugonga mlango wa choo ili anipe pole.

Ijumaa, 26 Juni

Baba mdogo anarudi alasiri. Asubuhi nilishafunga kanzu na kitabu kwenye kitambaa, nitorokee Maili Moja nikaanze maisha mapya. Siwema akaniita dirishani.

Yeye haruhusiwi kutoka nje mpaka kesho. Uso mzima manjano, umejaa singo, ule mpako wa bi harusi. Akasema amechoka kunitazama. Jumatatu aliniona nikifunga vikaratasi kuanzia kulia. Jumanne akaniona nikivirudisha kuanzia kushoto. "Wewe Isihaka, waya wa mwisho umeuchomeka mwanzo! Nimefungiwa humu siku saba sina kazi, nimeona yote."

Nikamwuliza mbona hakusema tangu Jumanne. Akasema alitaka aone nitaishia wapi. Alicheka mpaka singo ikapasuka shavuni. Kisha akaacha kucheka, akashika nondo ya dirisha. "Mdogo wangu, usinipandishe lori la mkaa."

Nikageuza nyaya zote nne. Hendeli mara moja tu. Likanguruma! Kisha likakohoa vilevile kama Jumatatu, lakini likanguruma!

Baba mdogo alipofika akasikiliza, akatikisa kichwa, akaniuliza nyusi nyingine iko wapi. Nikasema joto.

Kongowe, Jumapili, 28 Juni

Tulifika jana salama. Kila kilima gari lilikohoa, na kila lilipokohoa wanawake walipiga vigelegele zaidi. Zahoro alifuata nyuma na lori, amebeba masufuria, amekula vumbi letu njia nzima. Siwema alishuka mweupe kama karafuu maua—hapana, sijui kusifu. Alishuka safi. Akanibana sikio, akasema ahsante.

Baba mdogo akawaambia wakwe kwamba kijana huyu ndiye fundi wa gari. Wote wakanigeukia. Nikaingia chini ya gari kutazama kitu. Hakukuwa na kitu. Nilikaa huko mpaka pilau.

Huko chini nilitafakari sana. Kosa lote lilikuwa la kitabu. Mwenye kipaji hahitaji kitabu.

Shemeji yangu ni fundi wa nguo. Riziki yake yote ni cherehani moja, iko barazani. Leo asubuhi, maharusi wakiwa bado wamelala, niliizungusha kidogo nikasikia inalia kwiii, kwiii. Hakuna aliyeniomba. Nimeifungua.

Habari njema: kelele zimekwisha kabisa. Gurudumu halizunguki.