Kaptura ya Kuogelea ya Baba Wanjiru

Wenzangu, nakiri. Miaka yote mmesema nina wivu, nami nimekana hata mbele ya mchungaji. Leo nimeaibika mbele ya watoto wa chekechea. Nina wivu.

Mume wangu mnamjua. Baba Wanjiru ni mtu wa Nyeri, huku ughaibuni tumekuja ukubwani. Maji anayoyajua ni ya kunywa na ya kuoga. Sasa mbona kila Jumamosi anatoka na begi, anarudi ananukia dawa ya bwawa?

"Mazoezi tu, Mama Wanjiru."

Mazoezi! (Mtu anayewasha gari kwenda kuchukua barua hapo nje.)

Jana nikapekua gari lake. (Nilikuwa natafuta mwavuli.) Chini ya kiti, kaptura ya kuogelea yenye maua, na kijitabu cha hoteli za Saint James, Barbados, ile pwani ya matajiri. Mimi hawezi kunipeleka huko. Ameshanisikia nikihubiri: Waingereza walitua pale, wakalima miwa kwa jasho la watumwa, na leo watu wanalala palepale kwenye viti vya kitambaa wakinywa ramu. Basi anampeleka nani?

Leo nikamfuata hadi bwawa la kuogelea la Oxon Hill. Miwani myeusi, kofia ya harusi. Nikajibanza nyuma ya mmea wa plastiki, nikachungulia. Mwanamke hakuna. Yuko yeye, maboya ya kupuliza mikononi, katikati ya watoto wa chekechea, anapiga maji mateke.

Nikasogea nione vizuri. Sakafu imelowa. Viatu vyangu vya visigino. Chubwi!

"Nakufa! Baba Wanjiru, nakufa!"

Akaja mbio na maboya yake, akateleza, tukakumbatiana, tukapiga mayowe wote wawili. Katoto kamoja kakatutazama, kakatwambia kwa Kiingereza cha upole: "Si msimame tu?"

Tukasimama. Maji yalitufika magotini.

Simu yake ikalia kwenye benchi. Jina: Neema. Ahaa! Nikaikwapua kabla hajatoka majini.

"Wewe ni nani kwa mume wangu?"

"Shikamoo, mama. Mimi ni wa ofisi ya tiketi za ndege hapa Langley Park. Naomba jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Mzee anataka chumba cha wawili, anajifunza kuogelea asije akakuaibisha ufukweni. Tena kaniagiza kiwe karibu na mashamba ya kale ya miwa. Anasema usipopata ukoloni wa kulalamikia, likizo haitakunogea."

Kofia yangu ilikuwa bado inaelea.

"Marahaba," nikasema.