Karatasi ya Dawa ya Bibi Iandikwe Kiswahili

Misugusugu, Kibaha

Ndugu Mfamasia,

Shikamoo. Mimi ni yule binti wa kidato cha tatu aliyekuja dukani na bibi yake, akaangalia sakafu muda wote. Naandika kwa sababu ana kwa ana sitaweza.

Ulimpa Bibi Zuwena krimu ya homoni ya kupaka ukeni, kwa ule ukavu na mwasho uliompata baada ya hedhi kukoma. Dawa haina kosa. Kosa ni karatasi iliyomo kwenye boksi: Kiingereza kitupu. Malalamiko yangu:

1. Msomaji nimekuwa mimi. Mama ni mwalimu wa Kiingereza, lakini ati mtu hawezi kumsomea mama yake mzazi mambo hayo. Karatasi ikifunguliwa tu, anakumbuka nguo za kuanua kwenye kamba, anatoka. Mjukuu, wanasema, ana utani na bibi yake, hivyo haoni haya. Mimi naona.

2. Nilitafsiri kwa adabu: "paka mahali husika." Bibi akauliza husika ndiyo wapi, Marui au Kisarawe mjini? Ikabidi nitaje jina. Nililitaja nimejifunika khanga usoni.

3. Baada ya wiki mbili za kila siku, karatasi inataka mara mbili kwa wiki. Bibi kachagua Jumatatu na Alhamisi, akishafuturu, maana ndizo siku zake za funga ya sunna. Alikuwa ameacha maulidi kwa kushindwa kukaa chini. Juzi kakaa mpaka dua ya mwisho! Wenzake walipomuuliza siri yake, kasema, "Muulizeni daktari wangu," akanionyesha mimi.

4. Wameniuliza. Bibi Holo katoka Ruvu na karatasi yake kwenye pindo la khanga. Jumamosi walikuwa watano mkekani, mmoja na dawa ya presha. Huyo nimemrudisha kwako.

Kwa heshima naomba karatasi zote ziandikwe Kiswahili, herufi kubwa. Ikishindikana, nipewe koti jeupe na nisamehewe mtihani wa baiolojia.

Wasalimie wote hapo, na yule kaka aliyejifanya anapanga chupa.

Ni mimi, mwenye haya zangu,
Raudha Shomari

N.B. Karatasi usizibadilishe kwanza. Leo Mama kaanua nguo zote, kaja kukaa kitandani kwangu, katoa boksi lake mwenyewe mkobani. Miaka ishirini anafundisha Kiingereza. Kasema macho yamechoka, nimsomee.

Nimemsomea. Jina la mahali nimelitaja bila khanga.