Sanduku la Saba na la Nane

Jumatatu, 3 Februari
Mvua. Mji unazidi kuzama kwenye mahandaki ya machimbo ya zamani. Mhandisi Yesenia anachora ramani ya huko chini: anatoboa kila ua kwa keekee, nami natunza masanduku ya mawe yanayotoka. Watakaokutwa na utupu chini yao watapewa nyumba mpya bondeni, zenye bomba la maji! Ua wangu, sanduku la saba: mwamba mtupu. La nane, la jirani yangu Eulogio: mawe yameoza, halafu mita nne hazina kitu kabisa. Eulogio ni baba wa ubatizo wa binti yangu. Kanicheka mbele ya watu, eti Fortunato, kwako hata panya hana pa kujificha! Nimesali. Sina kinyongo.

Jumatano, 5 Februari
Nimesali tena. Kisha nikachukua brashi ya rangi, nikayaendea masanduku. Saba imekuwa nane, nane imekuwa saba. Dakika mbili! Nimemwashia Eulogio mishumaa mitatu. Mizuri, ya bei.

Jumamosi, 8 Februari
Balaa! Leo watu wa mhandisi wamechomeka vyuma ardhini, wakapitisha umeme kupima huko chini. Umeme unasema utupu uko kwa Eulogio. Sanduku linasema uko kwangu. Mhandisi kakuna kichwa. Nikamwambia, mama, umeme nani kauona? Jiwe unalishika. Kalishika. Kaniandika mimi. Asante, Bikira wa Kandelaria!

Ijumaa, 14 Februari
Tumehama. Mke wangu Hermelinda kafungua bomba, kalia kwa furaha. Eulogio alitubebea kitanda mgongoni. Njiani akalalamika kuwa mlango wa jikoni kwake umeanza kukwama. Unyevu tu, nikamwambia. Upake mafuta, ndugu yangu.

Jumatano, 19 Februari
Jiko la Eulogio lilizama juzi alfajiri, naye ndani akichochea moto. Walimpata saa nane mchana; leo tumemzika. Nimebeba jeneza upande wa mbele, palipo na uzito zaidi. Mjane wake, Basilia, kanishika mkono, kasema marehemu hakuwa na rafiki kama mimi. Nililia kweli. Wamempa nyumba iliyo jirani na yetu. Kwa hiyo kapata bomba naye. Mungu ana njia zake.

Jumanne, 25 Februari
Mhandisi haiamini tena ramani yake. Anatoboa upya kila mahali, hata huku bondeni. Kwa Basilia: mwamba safi. Kwangu: mita sita hazina kitu! Kumbe wazee walichimba hadi huku. Nyumba mpya zimeisha; anayekutwa na utupu sasa atahamishiwa kwenye mahema, mlimani, bila maji. Mimi? Na bomba langu?

Dakika mbili tu. Rangi bado mbichi. Basilia nimemwashia mshumaa, mahema yana baridi.

Hermelinda ananiita, eti mlango wa jikoni unakwama. Nimemwambia ni unyevu tu.