Paa la Mama Mkwe na Tufani ya Asilimia Ishirini

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwahidi mke wangu kwamba kufikia Jumamosi nitakuwa nimeezeka upya paa la mama yake. Mabati kumi na nane, kwa jua hili! Mungu si Athumani: mchana redio imetangaza wimbi la kitropiki baharini. Mawingu na mvua tu kwa sasa, ila uwezekano wa kuwa tufani ni asilimia ishirini. Nikamweleza mke wangu kwamba hakuna mwenye akili anayeezeka tufani ikiwa njiani.

Jumanne, 5 Agosti
Asilimia arobaini! Nimechora ramani nyuma ya kalenda, wimbi kwa wino mwekundu. Nionekane makini, nikapanda kwa mama mkwe na kung'oa mabati saba yaliyolegea, yasije yakapeperuka na kumkata mtu. Kung'oa ni kazi nyepesi sana.

Jumatano, 6 Agosti
Mama mkwe amehamia kwetu. Hili sikulipigia hesabu. Anasema mkwe mwenyewe kamthibitishia tufani yaja, na nusu ya nyumba yake iko wazi, sasa aende wapi? Mabegi matatu. Amekalia kiti changu.

Alhamisi, 7 Agosti
Anasikiliza kila taarifa ya hali ya hewa, sauti hadi mwisho. Ramani yangu ameisahihisha kwa penseli. Anadai wimbi limekutana na hewa kavu, halifiki popote. Jioni redio ikasema asilimia kumi. Nikamwambia wataalamu nao hukosea. Akajibu ni kweli, hata yeye alikosea siku aliponikubalia nimwoe bintiye. Nimeumia, nakiri.

Ijumaa, 8 Agosti
Wimbi limesambaratika. Nikabeba mabegi mwenyewe, mbio, kumrudisha kwake. Tulipofika tu yakaanza manyunyu, na yote yakatua kitandani mwake. Godoro chepechepe. Tukarudi na mabegi. Mke wangu alinipokea mlangoni na nyundo, akasema mtaka yote hukosa yote.

Jumamosi, 9 Agosti
Juu ya paa tangu alfajiri. Mama mkwe yuko chini na redio yake, ananielekeza pa kupigilia kila msumari. Saa tano nilikuwa nimemaliza mabati matatu, mgongo hauna hali. Ndipo akapaza sauti kunijulisha: kuna wimbi jipya, asilimia tano.
Hili nalihisi kabisa, lina nia. Nimeyang'oa yale matatu kwa usalama.