Sponji za Sagal

Jumatatu, 17 Februari 2025. Garissa.
Miezi saba na siku nne tangu nitoke kwetu Butula. Mtoto wangu ana miezi minne, sijamwona. Nauli haitoshi, lakini nimepata njia! Sagal, mwimbaji wa buraanbur, mashairi ya Kisomali ya harusini, anataka chumba chake cha kurekodia kibandikwe sponji za kuzuia mwangwi. Akirekodi Ijumaa jioni, kaka yake Sugow atanibeba Jumamosi kwa lori lake la mifugo hadi Nairobi. Kiti cha mbele! Ameuliza kama naijua kazi hiyo. Nimesema nimefanya studio tatu. (Moja nilipaka rangi lango.)

Jumatano, 19.
Nimemaliza! Ukuta laini kama sahani. Sponji zilikuja na vinundu upande mmoja, kiwanda kilisahau kuzisawazisha. Mimi ni mpiga plasta, sivumilii vinundu. Nimevielekeza ukutani. Akaja Siyad, seremala wa hapa anayetengeneza mlango wa chumba. Akacheka mpaka akakalia ndoo. Eti, "Warya! Hiyo finundu ndiyo inameza sauti!" Sagal akauliza taratibu, "Walaal, ndugu yangu, studio zote tatu ulifanya hivi?" Nikasema Nairobi wanapenda hivyo.

Alhamisi, 20.
Kubandua tangu alfajiri. Chache zimechanika. Gundi imeisha, niliipaka nene kama plasta. Simwambii Sagal. Siyad ndiye kabisa! Nimekumbuka tulivyobandika mabango ya kampeni kule kwetu: unga wa ngano na maji moto. Imeshika ajabu. Vinundu nje. Chumba kinanukia chapati.

Ijumaa, 21.
Siyad aling'oa mlango aupige randa, kisha akaenda msikitini. Akaniagiza nisibanduke hapo, mbuzi wa mji huu hawana adabu. Nikajua ni wivu. Nikaenda kivulini kumpigia mke wangu simu, achague kuku wa kuchinja. Kurudi: mbuzi kumi na mmoja! Kumbe Garissa nzima inajua mbuzi hawa hula mabango kwa ajili ya unga. Mimi nani aliniambia? Mmoja alisimama juu ya kiti cha mwimbaji, sponji mdomoni, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia bila hodi.
Sagal akamwita Siyad, si mimi. Angenifokea ingekuwa afadhali. Siyad akaleta blanketi na mikeka mizito ya mama yake, ile ya kufunikia nyumba za wafugaji, akatundika kuta zote. Ilimchukua saa moja tu. Sagal akarekodi. Sauti tamu, nakiri.

Jumamosi, 22.
Lori limeondoka. Siyad kiti cha mbele, anaenda kumwona dada yake. Sugow alinihurumia, akasema nipande nyuma na mbuzi. Nikakataa. Nina heshima yangu! Mke wangu amekata simu kabla sijamaliza kueleza. Nilisikia mtoto analia.
Si kitu. Jioni nimekutana na Dekow, tajiri wa malori ya maji kule Dadaab. Ameuliza kama najua kufunga pampu ya sola. Nimemwambia hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Kazi ya siku moja, mbili nikizubaa, na nauli nitapata. Jumatano saa sita mchana nitakuwa Butula, mtoto mkononi.