Mimi na Mama Mkwe Juu ya Dungu

Leo nimeumbuka. Si kuumbuka kwa kujikwaa ubaoni, hapana. Nimeumbuka mbele ya kijiji kizima, kuanzia wazee mpaka watoto wa darasa la pili. Naandika haya nikiwa mjini Mtwara, kwenye duka la intaneti, nimekuja na gari la wilaya kuomba maturubai. Mkiona nimekosea herufi, jueni ni woga, si ujinga. (Ujinga upo, lakini unakuja.)

Nyie mliosoma nami chuo mnanijua, mimi mtu wa Manyoni. Kwetu maji mengi ni yale ya ndoo mbili. Nikapangiwa kufundisha kando ya Ruvuma, nikamuoa Anastazia, binti wa familia iliyovuka kutoka Msumbiji zamani, na tangu hapo naishi na mto nisioweza kuuogelea. Mto huo ndio uliomchukua baba yake. Mimi sikumkuta mzee. Lakini kila masika mke wangu analala sikio liko mlangoni, akisikiliza maji.

Basi mwaka huu wakanichagua katibu wa kamati ya maafa ya kijiji. Jamani, nilihubiri! "Kila kaya iwe na kamba! Kila kaya iwe na chakula kikavu! Kila kaya ijue itapanda wapi maji yakija!" Kaya yetu ikakubaliana kwamba atakayekutwa na maji bondeni apande kwenye dungu la mama mkwe. Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo nne ndefu, mtu anakaa humo kufukuza ndege na nguruwe wasimalize mpunga. Upana wake ni wa kitanda. Nikasema ndiyo, safi kabisa, kama mtu mwenye akili timamu. Sikujiuliza swali moja dogo: huko juu nitakaa vipi na mkwe?

Maana mkwe ni mkwe. Kwetu na kwao, mambo ni yale yale. Humtazami usoni, humpi mkono, jina lake hulitaji, naye lako halitaji. (Hata hapa silitaji. Niiteni mshamba.) Tangu nioe, tukitaka kusemezana tunampitishia mtu maneno. Asipokuwepo mtu, tunapitishia kitu.

Asubuhi ya leo jua linawaka, mbingu nyeupe, hata wingu la kusingizia hakuna. Nimekaa uani nachonga mpini wa jembe. Anastazia akaja mbio na simu mkononi.

"Baba Neema, huko juu mto umevunja kingo tangu jana. Mama yuko bondeni."

"Lukasi yuko wapi?" Lukasi ni mdogo wake.

"Kaenda kutafuta mtumbwi. Nenda kamlete mama. Usirudi bila mama."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeogopa kidogo tu. Aliyasema polepole, ndipo nikautupa mpini chini.

Nikateremka bondeni mbio. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye mpunga, yananifika kifundoni, rangi ya chai ya maziwa. Siku zote nilidhani mafuriko yananguruma. Haya hayakunguruma. Yalikuwa yanaingia tu, taratibu, kama mgeni anayeijua nyumba. Panya wananipita wakikimbilia nilikotoka. Hata mmoja hakugeuka kunishauri.

Mama mkwe yuko juu ya dungu, anakaza mdomo wa gunia, kuku wake mmoja kamfunga pembeni. Nikasimama mbali, nikageuza uso, nikaongea na nguzo.

"Ee nguzo, mwambie mama mto umevunja kingo! Tuondoke sasa hivi!"

Sauti ikatoka juu: "Ee kuku, mwambie mwalimu asogee mbali, nishuke."

Haki yake. Mama mtu mzima, amevaa kanga, atashukaje ngazi mbele ya mkwe? Nikasogea mpaka nyuma ya kichuguu kikubwa, nikampa mgongo. Nikangoja. Nikangoja. Nikakohoa, maana yangu nikiuliza, mama, umeshuka? Naye akakohoa. Nikaelewa kuwa bado. Kumbe mwenzangu kikohozi changu amekielewa kwamba mwalimu bado yupo karibu. Kwa hiyo anangoja nisogee. Na mimi nangoja ashuke. Nikakohoa tena. Akakohoa tena. Watu wazima wawili, na adabu zetu, mto unakuja, sisi tunakoholeana!

Nilipotazama chini, maji yako magotini. Nikatazama njia niliyojia. Njia haipo. Pale palipokuwa na njia kuna maji yanakwenda kasi, na juu yake linapita paa zima la kibanda cha mtu.

Nikapanda kichuguu. Hapo nikagundua kwamba siafu wa bonde zima nao wana kamati yao ya maafa, na pao pa kupanda ni hapo hapo. Yalaa! Wakaingia kwenye suruali. Sitaeleza walifika wapi. Nikaivua, nikaikung'uta, ikaniponyoka, ikaenda zake na maji, miguu imetanuka. Nikabaki na shati na chupi. (Chupi yenyewe ni ya kushinda nayo nyumbani. Tuishie hapo.)

Akaja nyoka akielea, akapanda kichuguu upande wa pili. Hatukusalimiana. Halafu nyuma ya matete kitu kikatumbukia, kizito. Ruvuma, ukisikia kitu kizito kimetumbukia, huulizi ni nini. Hapo nilianza kulia. Sioni sababu ya kuwaficha, nililia kwa sauti.

"Ee kuku! Mwambie mwalimu aje apande huku!"

"Ee nguzo, mwambie mama siwezi. Sina... sina nguo."

Maji yananigusa vidole.

"Ee kuku, mwambie mwalimu nimefumba macho."

"Ee nguzo, mwambie mama ni aibu!"

Nilikuwa tayari kufa, naapa. Wala si ushujaa. Nilimfikiria Anastazia anaambiwa mumeo kaonwa na mama yako akiwa na chupi, nikaona kheri mamba.

Ndipo mama mkwe akamwacha kuku wake. Akasimama, akaniita mimi mwenyewe, na sauti yake ilikuwa inakatika.

"Wewe mtoto wa watu! Mto huu umeshanichukulia mume! Leo nirudi nikamwambie mwanangu nini? Kwamba na wake nimemtazama akichukuliwa, kwa sababu ya chupi? Shika kamba!"

Kamba ikanitua begani. Nikaishika, nikajitosa. Hatua ya kwanza maji kifuani. Ya pili shingoni. Ya tatu chini hakuna chini! Nikainywa Ruvuma mpaka nikahisi nimewaachia Wamsumbiji kidogo sana. Nikasikia navutwa. Mama mwembamba vile, kaizungusha kamba kwenye nguzo na ananivuta huku anataja watakatifu wote. Nikafika juu kwa tumbo, kama kambare, macho nimefumba. Kanga ikanitua kichwani.

"Jifunge," akasema. Hakumwambia kuku.

Nikajifunga. Tukakaa tumepeana migongo, tukiziangalia pande mbili za maji, na kila upande ulikuwa maji tu. Ningependa kuwaambia nilimtuliza. Ndugu zangu, meno yangu ndiyo yaliyokuwa yanasikika. Kisha likaja gogo, zima, na mizizi yake, likaipiga nguzo moja. Paa! Dungu likainama. Gunia la mpunga likateleza, likatumbukia, na kazi yake ya msimu mzima ikaenda hivyo tunaitazama. Sisi nasi tukaanza kuteleza.

Akanishika mkono. Nikaushika wake. Mimi na mama mkwe, mkono kwa mkono, na hakuna aliyethubutu kuachia. Yeye akasali kwa Kimakonde, mimi kwa Kiswahili. Nilitubu mpaka dhambi nilizokuwa nimezipanga tu.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nguzo ilikuwa inalia, na kila ikilia alikuwa anauminya mkono wangu. Mara nikasikia kicheko. Kicheko kilifika kabla ya mtumbwi.

"Shemeji! Umependeza! Sasa hapo mama ni yupi?"

Lukasi. (Shemeji ni mtani, na mtani hana huruma.)

"Lukasi, funga mdomo usogeze mtumbwi!" mama akafoka. Akafunga mdomo, lakini mabega yalicheka njia nzima.

Kijiji chote kilikuwa kimepanda kwenye uwanja wa shule, kule kwenye mwinuko. Nilimsihi Lukasi atushushe pembeni, kwenye migomba. Akasema hapana, kamati imeagiza watu wote wafikishwe shuleni. Kamati ni mimi!

Nikashuka. Mkono mmoja nashikilia fundo la kanga, mwingine namwelekeza mama asiteleze. Na mnajua kanga zina maandishi. Mimi sikuyasoma, niliyasoma saa ngapi? Lakini wanafunzi wangu wa darasa la pili, ambao tangu Januari nawabembeleza wasome, leo walijipanga kando ya njia, wakanitazama nyuma, wakasoma. Kwa pamoja. Bila kukosea herufi.

"U-TA-MU WA KWA-NGU HAU-KU-HU-SU!"

Kijiji kikaanguka. Watu waliopoteza mpunga, waliopoteza mbuzi, wamekaa pale tangu asubuhi hawajui jioni watalala wapi, wote wakaanguka kwa kicheko. Mwenyekiti alilia machozi. Nilitamani nirudi mtoni.

Anastazia hakucheka. Alikuja mbio akamkumbatia mama yake, akamshika uso, mikono, mabega, kama anayehakikisha vyote vimerudi. Kisha akanitazama mimi, midomo inatetemeka, na sikujua kama ni kilio au ni kicheko kinachotafuta mlango. Nikainamisha kichwa. Nikawaza, sasa ataniuliza mama yake kaniona nikiwaje.

Mama mkwe akamtoa binti yake kifuani. Akageuka, akanitazama usoni, mara ya kwanza kunitazama tangu nimuoe mwanawe. Kicheko chote kikakatika. Wazee wakaangalia pembeni kwa aibu.

"Yohana, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Hiyo kanga uifue kwanza ndipo unirudishie."

Haya, chekeni, nawajua. Ila mjue mwenzenu leo ameitwa kwa jina lake na mama mkwe mbele ya kijiji kizima, akaitika "Naam, mama," akiwa hana suruali.